Mganga wa Kidoto

Paukwa!

Pakawa.

Nani ana masikio?

Sote tunayo.

Basi yategeni, maana hadithi hii inanitia hofu hata mimi ninayeisimulia.

Hapo kale, kabla farasi hawajajua tandiko, ukoo wao uliishi nyikani, mkubwa wao akiwa Bi Shungi. Na farasi wana tabia yao. Mmoja akisimamisha masikio, wote husimamisha. Mmoja akikimbia, wote hukimbia. Hawaulizi kuna nini.

Sasa mtoto mmoja, Kidoto, alimwona mama yake akichukuliwa na mto uliofurika. Tangu hapo akawa anatetemeka, tetete. Akitetemeka, jirani yake husimamisha masikio, na kwatu kwatu kwatu, ukoo mzima mbioni. Wakirudi malishoni, tetete. Kwatu kwatu kwatu. Hawali, hawalali. Wakakonda, na Bi Shungi akaogopa kwamba mmoja huyu atawamaliza wote.

Ndipo akaja Fisi, kajivika shanga.

"Hodi wenyewe. Mimi ni mganga wa kutetemeka. Nipeni mtoto nimpeleke pangoni kwangu. Aje peke yake."

Roho ilimuuma Bi Shungi, lakini alikuwa amechoka. Akasema, "Mchukue."

Juu ya jabali alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo wa kukaa maweni. Moyo ulimwenda mbio, maana alilijua pango la Fisi na mifupa iliyomo. Akateremka.

"Shikamoo, mganga."

"Marahaba."

"Huku kwetu mgonjwa hapelekwi peke yake. Ndugu humsindikiza. Na mganga hukaa katikati ya ndugu, akamtibu hapo hapo."

Fisi akawatazama. Ukoo mzima, wamekonda, mbio hawana. Mate yakamdondoka.

"Mila ni mila," akasema. "Nitakaa katikati."

"Nanyi," Pimbi akawaambia farasi, "mgeuzieni migongo. Uganga hautazamwi."

Wakamzunguka, bega kwa bega, mikia ndani, vichwa nje, Kidoto ubavuni mwa Bi Shungi. Fisi akanyemelea, nya, nya, nya. Akafika kwa Kidoto, akaachama.

Kidoto akahisi pumzi ya moto mkiani. Tetete.

Bi Shungi akasimamisha masikio. Jirani yake akasimamisha. Wote wakasimamisha. Hawakuuliza kuna nini. Miguu ya nyuma ikaruka kwa pamoja: pu, pa, pu.

Fisi akaenda zake akichechemea, shanga kaziacha mavumbini.

Farasi hawakukimbia mbali siku hiyo. Walirudi, wakambana Kidoto kati ya matumbo yao yenye joto. Wao wakahema taratibu, naye akahema taratibu. Kutetemeka kukakoma, akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Hadithi yangu imefika malishoni, mwenye njaa na ale.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiugua, usijitenge na ndugu. Mganga akikwambia uje peke yako, usiende.