Shingo ya Mkungu

Paukwa!

Pakawa!

Uwanja wa nani?

Wa mfagiaji!

Na taka je?

Hazionekani!

Haya, tulieni mwone zilikokwenda.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, nyuma ya nyumba ya Bi Kidawa palikuwa na mkungu. Si mkungu wa ndizi, enyi wenye njaa! Mti. Mti mkubwa, matawi yametanda juu ya paa lote. Jua la mchana likiwachoma majirani, kwa Bi Kidawa watu wamelala usingizi. Ila majani! Mkungu ukiamua kupukutisha, hauna huruma.

Akaolewa hapo Mashavu, mke wa Mbaruku, mwana wa Bi Kidawa. Mtu wa kazi huyo! Alfajiri kashika ufagio: chwa, chwa, chwa! Majani, vumbi, majivu ya jikoni, vyote akavisukumia shinani mwa mkungu. Tuta alilikuta, akaliongeza. Chwa, chwa, chwa!

Bi Kidawa akawa anatamba kisimani: "Mkaza mwanangu akifagia, hata kuku anaona haya kukanyaga!"

Masika yakaja, yakapita. Mkungu ukaanza kukauka kileleni. Tawi likaanguka: kwacha! Kiangazi likaanguka jingine: kwacha! Hilo likatoboa paa. Kule kisimani maneno yakageuka.

"Mti huu niliukuta mzima, nimezeeka nao mzima," akasema Bi Kidawa. "Umeanza kufa tangu aingie huyu."

Huyu. Hata jina hana tena. Mashavu aliyasikia, mtungi kichwani. Aliumia sana, maana alimpenda mumewe na nyumba ile alishaiita kwao.

Neno likapitishwa: mti ukatwe usije ukaua mtu, na Mashavu arudishwe kwa wazazi wake na mkosi wake. Mbaruku akanoa shoka, shwii, shwii, macho chini. Ikabaki kumwita Babu Shekue, mkubwa wa kijiji, kwa kuwa mti wa wazee haukatwi bila ruhusa yake.

Babu Shekue akaja. Kiti alipewa, hakukaa. Akauzunguka mti, akaugonga kwa fimbo: ko, ko, ko. Akagonga chini kabisa: bu.

"Hapa anafagia nani?"

Macho yote kwa Mashavu.

"Mimi, babu."

"Na taka unazitia wapi, mjukuu wangu?"

"Hapo shinani, babu. Uwanja uwe safi."

"Si nilisema!" Bi Kidawa akadakia. "Kauua kwa mkono wake!"

"Kidawa, mti haujafa. Tufanye kazi."

Mbaruku akaleta jembe. Mzee akalikataa. "Hilo litachuna mizizi. Mikono!" Akapiga magoti, mzee mzima, akaparua tuta: paru, paru, paru. Mashavu akapiga magoti kando yake. Udongo ukatoka na joto lake, unanuka uozo. Chini yake gome lilikuwa laini kama muhogo uliovundikwa.

"Mnaona? Mti una shingo. Ni hapa, shina linapotanuka kuingia ardhini. Shingo inataka upepo. Ninyi mmeifukia, mti unakabwa."

Paru, paru. Mkono wa Mashavu ukagusa kitu kigumu chini kabisa ya tuta. Akavuta. Mdomo wa chungu cheusi, wenye nakshi.

"Chungu changu!" Bi Kidawa akaropoka. "Alinipa mama siku ya harusi yangu! Kilivunjika Mbaruku angali ananyonya."

Babu Shekue akamtazama. "Mbaruku akinyonya, Mashavu alikuwa wapi?"

Bi Kidawa akakipokea kile kigae. "Alikuwa hajazaliwa," akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Bi Kidawa aliona aibu, aibu ya kweli. Akajifunga nguo kiunoni, akapiga magoti upande wa pili wa shina, akafukua: paru, paru, paru.

Shingo ilipopata upepo, mzee akaendelea kuelekeza. Matawi makavu tu ndiyo yaliyokatwa, kila moja likianzwa kwa chini ili gome lisichanike. Majani yakarudishwa, lakini yakatandazwa mbali na shina, kule matone ya mvua yanakodondoka kutoka ncha za matawi.

"Huko ndiko mti unakonywea," alisema. "Kiangazi kikikaza, mwagieni huko. Na mbuzi wafungwe kwingine, wasitafune gome."

Kilele kilichokufa hakikurudi, siwadanganyi. Lakini masika yaliyofuata matawi ya chini yakachipua, na kivuli kikarudi juu ya paa.

Mashavu hakurudishwa. Bi Kidawa alikwenda kisimani kwa miguu yake, akasema mbele ya wanawake wale wale: "Mti nilikuwa nikiufukia mimi, miaka yote. Mashavu ni mwanangu. Asiyemtaka asikanyage kwangu."

Babu Shekue alikufa zamani. Kijijini kule, mpaka leo, ukisukuma taka shinani utapigiwa kelele: "Shingo hiyo!"

Nanyi, mti mkubwa ukiugua nyumbani kwenu, msikimbilie shoka, wala msitafute mgeni wa kumtwika lawama. Pigeni magoti, mfukue, mwone taka ni za nani. Hadithi yangu naitua hapo. Asiyesadiki akaparue shinani kwake.