Dua ya Ngazini

Mchukuzi Hamdani aliporomoka ngazini akavunjika mguu, na tajiri Msabaha, mwenye ghala la karafuu, akakataa kumlipa fidia.

"Ngazi yangu nzima. Uzembe ni wake."

Bi Zuwena, wakili wa mchukuzi, hakubisha. Alikuja na sheha wa mtaa kushuhudia suluhu.

"Mama yako amwombee Hamdani dua palepale alipoteleza, ngazini juu," alisema. "Dua ikisomwa, madai tunayafuta."

Msabaha aliitikia upesi, maana dua hailipiwi. Mama yake akaitwa, akakaza mtandio, akakanyaga kipandio cha kwanza.

"Mama, teremka," Msabaha alisema, akimshika mkono. "Ngazi hiyo imeoza tangu mwaka jana."

Bi Zuwena alimgeukia sheha.

"Umeona? Dua imekubaliwa hata kabla ya kusomwa."