Nguchiro na Mtoto wa Pomboo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupokea wageni, Nguchiro alikuwa na mashua ndogo. Alikuwa akichukua wasafiri kutoka bara na kuwapeleka kuwatazama pomboo.

Asubuhi moja ya mawingu walipanda Nyati na mkewe, pamoja na rafiki yao Fisi. Mashua ikadidimia, nusura izame. Nguchiro akapiga kasia, chubwi, chubwi, hadi kwenye maji makuu.

Pomboo walikuwapo, lakini hawakuruka. Mama mmoja alikuwa akimwinua mwanawe kwa pua ili avute pumzi. Pfuu, akapumua mama. Mtoto alipumua kidogo tu, kama anayekohoa.

"Sogea," Nyati akasema. "Sikutoka mbali kote huko kuja kutazama migongo. Nataka kuwaona wakicheza."

"Mtoto anaumwa, Bwana Nyati. Tukimsogelea, mama atakimbia, na mtoto hana nguvu za kumfuata."

"Hilo si neno," Fisi akasema, akilamba midomo. "Akibaki nyuma, mimi nitamshika. Sogea, la sivyo tutakutosa wewe."

Nguchiro akamtazama yule mtoto. Nyumbani naye alikuwa na kitoto kinachonyonya.

Akainama, akanong'ona, "Mabwana, hawa ni wachovu. Wakubwa wenyewe wanacheza kule kwenye povu. Ila hawapendi kelele. Mkisema neno tu, wanazama."

Wakaenda kimya. Kule kwenye povu, mgongo mweusi ukachomoza, ukazama, ukachomoza tena. Chwaa, maji yakaruka juu. Yalikuwa mawe, watoto wangu. Mawe matupu yanayopigwa na mawimbi.

"Wakubwa kweli," mke wa Nyati akanong'ona, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Wakubwa mno," Fisi akasema, akarudi nyuma ya Nyati.

Wakatazama mpaka wakaridhika. Nguchiro akawarudisha pwani, wakamshukuru sana, wakashika njia yao.

Hakwenda nyumbani. Aligeuza mashua, akamkuta yule mama palepale, bado anamwinua mwanawe.

"Wameondoka, Mama Pomboo. Mpumzishe sasa."

"Amekwisha kupumzika," mama akajibu. "Ni mimi ninayeshindwa kumwachia."

Nguchiro akaweka kasia chini. Akakaa naye mpaka maji yakaanza kupwa.

Basi jueni hili, watoto wangu: ujanja unaweza kumpumbaza mwenye mabavu, lakini mauti hayadanganyiki.