Wali wa Malkia Almaz

Zamani za sahani za mbao, Sultani wa Shungi alioa ng'ambo, binti mfalme wa Habash aitwaye Almaz. Mama wa Sultani, Bi Shufaa, hakumtaka mkwe huyo hata kumwona.

"Ijumaa atupikie wali wa nazi," aliamuru mbele ya baraza. "Ukimshinda, arudi kwao. Na atakayemfundisha, awaye yote, atahama jumba hili siku hiyo hiyo!"

Wapishi wakafyata mkia. Jumanne, Almaz akapanga mafiga chini ya dirisha la mkwewe, akaanza kwa kumimina tui zito.

"Weye! Tui jepesi kwanza!" Bi Shufaa alifoka dirishani.

Jumatano akaukoroga wali kama uji.

"Weka mwiko chini! Funika, upalie makaa!"

Alhamisi hakutia chumvi. Bi Shufaa alishuka mbio akaitia mwenyewe, matusi yakimtoka.

Ijumaa baraza zima lilijilamba vidole. Sultani akaongezwa mara mbili.

"Nani kamfundisha huyu?" Bi Shufaa aliwaka. "Ahame sasa hivi!"

Almaz akapiga goti, akambusu mkono.

"Ni wewe, mama. Mizigo yako nimeshaifunga, iko mlangoni."