Namba Kumi ya Kwamsala

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Palikuwa na timu ya mpira iitwayo Nyota ya Kwamsala, na katika timu hiyo walikuwamo watu watatu wenye vipaji vyao.

Wa kwanza alikuwa Zahoro Shekiondo, nahodha, na kipaji chake kilikuwa macho. Aliiona pasi kabla mabeki hawajajua kwamba hapo pana njia. Miguu ilikuwa imeshaanza kumgomea, na akiinuka kitini alishika kiuno kwanza, lakini mpira ukimfikia ulitulia kama paka aliyefika kwao.

Wa pili alikuwa Nuhu Mweta, kijana mbichi kabisa, na kipaji chake kilikuwa miguu. Akigusa tu mpira, watu walisimama kabla hajafanya lolote. Kwamsala nzima ilikuwa imemwehukia. Watoto walinyolewa kama yeye, na wauza chipsi walimwekea sahani hata kama hajaagiza.

Wa tatu alikuwa Kocha Mhina, na kipaji chake kilikuwa subira. Kijana akimjia na papara zake, humkalisha benchi. "Akishajua kukaa," alisema, "ndipo nitamfundisha kucheza."

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ugomvi wote unatoka hapo. Kwamsala jezi namba kumi haigawi kocha. Anayeivaa huivua mwenyewe, uwanjani, mbele za watu, akamvika mrithi wake. Akishaivua, hairudi mgongoni kwake mpaka yule aliyevikwa aitoe kwa mkono wake. Na anayeingoja humbebea mwenye jezi daluga zake, vile viatu vya mpira. Huzisafisha, huzipaka mafuta, na safarini huzining'iniza shingoni.

Nuhu alizibeba daluga za Zahoro bila kununa, na hilo lazima tumpe. Walionuna ni mashabiki. Kila mechi walipiga kelele: "Mtoe babu! Muweke Nuhu!" Mmoja wao alikuwa akimfuata Zahoro hadi sokoni akimuuliza lini atatundika daluga. Zahoro alicheka naye, akanunua nyanya zake, akaenda nyumbani na moyo unamuuma. Watu haohao ndio waliowahi kumbeba mabegani.

Ikafika mechi ya kupanda daraja, ugenini. Basi lilipokaribia uwanja, jamaa wa kamati ya ufundi wakalisimamisha. Hawa, kwa msiojua, si wataalamu wa mpira. Ni wataalamu wa mambo yale mengine, ya kwa mganga.

"Geti limetegwa," mkubwa wao akasema. "Hapiti mtu pale. Tunaingia kwa ukuta."

Hakuna aliyebisha. Timu nzima, na jezi zao safi, ikaparamia ukuta kama wezi wa kuku. Zahoro alishindwa kupanda. Nuhu akainama, akamwambia, "Kanyaga hapa, kaka," akampandisha kwa mabega yake. Kisha akapanda yeye, akiwa na begi la nahodha mkononi na daluga za nahodha shingoni, akaruka. Zile daluga zikampiga usoni akiwa hewani. Akatua vibaya, juu ya jiwe.

Vyumba vya kubadilishia nguo navyo kamati ilivikataa, kwa hiyo walivalia nyuma ya goli. Hapo Zahoro akaliona goti la Nuhu. Lilikuwa limevimba, na kijana alikuwa analizungushia bandeji haraka haraka ili alifunike kwa soksi.

"Nuhu, hilo goti vipi?"

"Kaka, nakuomba. Usimwambie kocha."

"Hilo si la kufichwa."

"Leo kuna watu wamekuja kuniangalia kutoka mjini. Wanakuja leo tu. Wakisikia nimeumia kabla ya mpira kuanza, watasema nimeogopa. Nimekubebea daluga zako, kaka. Sijawahi kukuomba kitu."

Zahoro akapiga hesabu. Akimweleza kocha, Nuhu atakaa nje na yeye Zahoro atacheza mpaka mwisho. Nani angeamini kwamba amesema kwa wema? Wangesema ni kijicho cha mzee. Akanyamaza.

Mechi ikaanza, Zahoro ndani, Nuhu benchi. Wenyeji wakafunga mapema. Kisha Zahoro, akiwa amelipa lango mgongo, akaachia pasi moja iliyowapita mabeki wote, na mshambuliaji akasawazisha. Mtadhani mashabiki walimshangilia. Waliimba jina la Nuhu! Baada ya mapumziko miguu ya Zahoro ikaisha kabisa, akapokonywa mpira mara mbili, na mashabiki wa Kwamsala, waliokuja kwa malori kutoka nyumbani, wakampigia mluzi nahodha wao wenyewe.

Kocha Mhina akasimama pembeni ya mstari, akamtazama. Hakusema neno, kwa sababu kwa desturi hakuwa na haki ya kusema. Nuhu alikuwa amesimama nyuma yake, anamkazia macho Zahoro kwa kumsihi.

Zahoro akasogea kwenye mstari. Akaivua namba kumi.

Kwa nini aliivua? Mwenyewe alijiuliza swali hilo kila alipolala na kila alipoamka. Siku nyingine alijijibu kwamba kijana alimwomba, naye alimhurumia. Siku nyingine aliusikia ule mluzi masikioni, na akakumbuka kitu alichokisema moyoni wakati jezi inapita kichwani mwake: haya basi, chukueni huyo Nuhu wenu. Yote mawili yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtesa.

Nuhu akavikwa. Uwanja ukalipuka kwa kelele. Alicheza kwa mguu mmoja na nusu, na bado hakukamatika. Dakika za mwisho akawahadaa mabeki wawili, akaliegemea lile goti, akapiga. Mpira ukaingia, yeye akaanguka. Wenzake walimrukia kwa furaha, wakamlalia juu, na kwa muda hakuna aliyejua kwamba chini ya rundo lile kijana alikuwa analia kwa maumivu.

Nyota ya Kwamsala ikapanda daraja. Wale watu wa mjini waliondoka kabla machela haijafika kwenye gari. Daktari akasema nyuzi za goti zimekatika, huenda Nuhu akatembea vizuri, lakini kuhusu mpira hakutaka kuwadanganya.

Sasa mechi ya kwanza ya daraja jipya inakuja, na timu haina mtu wa kuvaa namba kumi. Klabu ikaitisha kikao nyumbani kwa akina Nuhu, kwa sababu jezi iko kwake. Analala nayo.

Mwenyekiti akaanza kwa kumgeukia Zahoro. "Nahodha, watu wanakutaka. Rudi, utuvushe msimu huu."

Na kweli walimtaka. Wale wale wa mluzi walikuwa nje wanaimba jina lake. Zahoro alilisikia, na Mungu anisamehe kwa kuwaambia ukweli, akafurahi. Furaha hiyo ikamtia aibu mpaka akainamisha kichwa. Kisha akasema: "Kabla hamjanipa kitu, jueni kwamba niliona goti lake kabla ya mechi. Nilinyamaza. Lakini ile pasi ya kusawazisha ni yangu, na jezi niliitoa kwa mkono wangu. Bila hayo tusingepanda."

Kocha Mhina akakohoa. "Nami nilimwona anachechemea wakati wa kupasha misuli," akasema taratibu. "Miaka yote nasema mchezaji asiharakishwe, na siku hiyo nikajifanya sikuona, kwa kuwa nilitaka kushinda. Lakini mimi ndiye niliyemtunza mpaka akawa mchezaji wa kuamua mechi. Kwa maoni yangu jezi ifungiwe kabatini. Asiivae mtu."

"Kisha nafasi hiyo acheze nani?" mwenyekiti akauliza.

Nuhu alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto, jezi magotini. "Bao ni langu," akasema. "Goti ni langu. Nilificha mwenyewe, sikulazimishwa na mtu. Nilingoja zamu yangu kama mlivyotaka, nikabeba daluga kama mlivyotaka, na zamu yenyewe ikawa robo saa. Sasa mnataka niitoe? Nitapona. Ningojeni, kama nilivyowangoja."

Zahoro akamwangalia yule kijana, na machozi yakamtoka mbele za watu. Alitaka kusema kwamba atamngoja. Lakini alijua kijana hatapona, na alijua pia kwamba miguu yake mwenyewe imebakiza msimu mmoja, basi. Akingoja, hataivaa tena milele.

Mama Nuhu alikuwa mlangoni na trei ya chai. Hakuingia.

"Mmoja alimwona akijifunga bandeji, mmoja alimwona akichechemea, na huyu wangu akaficha," akasema. "Nyote watatu mlijua, mkashinda. Mimi tu ndiye sikujua, na mimi ndiye ninayembeba kwenda chooni. Haya, gawaneni jezi yenu."

Akaiweka chai sakafuni, akaondoka. Hakuna aliyeinywa.

Mpaka hapo ndipo ninapopajua. Jezi ni moja na mgongo utakaovikwa ni mmoja. Yuko Zahoro aliyetoa pasi, akajua, akanyamaza. Yuko Mhina aliyemlea mchezaji, akaona, akajifanya kipofu, na sasa anataka asiivae mtu. Yuko Nuhu aliyefunga bao, akaficha, akavunjika, na bado anaomba angojwe. Msinijibu haraka, na msinijibu kwa kumwonea huruma mmoja na kuwasahau wengine. Wewe uliyenyamaza hapo tangu mwanzo, jezi hiyo ingewekwa mikononi mwako asubuhi ya mechi, na Mama Nuhu amesimama mlangoni anakutazama, ungemvika nani, au usingemvika mtu?