Mama Alirudia Mara Tisa

Hii imepitia simu nyingi kabla ya kufika kwangu. Niliisoma mara mbili, mara ya pili bila miwani, maana miwani yenyewe ilikuwa imeloa. Isome taratibu, ndipo uitume.

Palikuwa na kijana aitwaye Masunga, mwanafunzi wa kidato cha sita katika shule iliyofundisha filamu kama somo kamili, lenye hadi mtihani wake. Siku alipoileta habari hiyo nyumbani, mama yake, mjane aliyekuwa akiuza maandazi machimboni, alishika kiuno.

"Yaani nakaanga maandazi tangu alfajiri, kumbe nakulipia ukakae banda la video?"

"Si banda, mama. Ni somo. Lina hadi nadharia."

"Hata bandani kuna nadharia. Yule anayekaa mbele huwa anajua nani atakufa."

Wakacheka, maisha yakaendelea. Karibu na kumaliza, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza filamu ya dakika tano juu ya jambo la kweli. Mwalimu wao, Rwiza, alikuwa na agizo moja, nalo alilitoa kila alipoingia darasani: "Msiridhike. Rudieni mpaka ikae sawa."

Masunga hakuhangaika kutafuta habari. Miaka sita nyuma baba yake alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, na mwili haukupatikana. Asubuhi ile ya mwisho mama hakuwahi kumsimulia mtu. Si mchungaji, si mashemeji.

Alipomwomba aisimulie mbele ya kamera, mama alifuta mikono kwenye kanga.

"Mara moja tu, mwanangu. Kaburi sina. Hiyo asubuhi ndiyo niliyobaki nayo."

"Mara moja, mama."

Jumamosi akaazima kamera ya shule, akamkalisha mama kwenye kigoda karibu na dirisha. Mama akaanza. Alisema baba alikuwa ameshatoka, akarudi kufuata tochi. Akasimama mlangoni, akasema, "We mwanamke, ugali wa jana ulikuwa na madonge, nusura niende nao machimboni tukaupasue kwa nyundo." Mama akamtupia mwiko. Baba akaukwepa, akaenda zake akicheka.

Mama alipofika hapo akacheka naye, kicheko cha kisichana ambacho Masunga hakuwahi kukisikia.

"Kata!" alisema Masunga. "Mama, usicheke. Umefiwa."

"Najua nimefiwa. Nilikuwepo."

"Watazamaji wataelewa vibaya. Turudie."

Mara ya pili mbuzi wa jirani alilia. Mara ya tatu jua lilihama. Mara ya nne mama alisahau, akacheka tena. Ya tano, Masunga aliuondoa mwiko. Ya sita, akauondoa na ugali.

"Sasa baba yako aseme nini?" mama aliuliza.

"Asiseme kitu. Sema alisimama mlangoni akakutazama sana, kama mtu anayeaga. Nyamaza kidogo. Halafu geukia dirishani."

"Lakini hakuaga, Masunga. Alinitania."

"Ni filamu, mama. Chuo changu kimo humu."

Mama akajiweka sawa kwenye kigoda. Kisha akasema kama alivyoelekezwa. Mara ya saba. Mara ya nane. Mara ya tisa alinyamaza pale pale alipotakiwa, akageukia dirishani, na chozi likashuka kwenye shavu lenye mwanga. Masunga nusura arukeruke kwa furaha.

Filamu ikapata alama za juu kuliko zote. Darasa zima lililia. Mwalimu Rwiza alisema, "Huyu ameelewa somo." Na chuo Masunga akakipata.

Mwaka uliofuata ukoo ulikusanyika kwa ibada ya kumkumbuka marehemu. Kaka mkubwa wa baba akasema, "Shemeji, tupe neno juu ya ndugu yetu."

Mama akasimama. "Alisimama mlangoni, akanitazama sana, kama mtu anayeaga." Akanyamaza kidogo. Akageukia dirishani. Chozi likashuka.

Watu walilia. Masunga peke yake hakulia. Ule ukimya aliujua. Ulikuwa sekunde tatu, na ni yeye aliyezipanga.

Wageni walipoondoka alimfuata mama jikoni.

"Mama, leo hapakuwa na kamera. Mbona hukusema ilivyokuwa?"

Mama akaacha kusugua sufuria. "Alinitania, hilo nalijua. Alinitania kuhusu nini vile? Nikifumba macho, Masunga, mtu anayesimama mlangoni hacheki. Ananitazama tu. Yule mwingine nimemtafuta mwaka mzima."

Masunga akapiga simu shuleni, akapekua kila memori kadi aliyoijua, akiisaka ile rekodi ya kwanza. Haikuwepo. Alikuwa ameifuta kwa kidole chake mwenyewe, ili ya tisa ipate nafasi.

Akarudi, akakaa chini miguuni pa mama, akamsimulia yeye. Tochi. Madonge. Nyundo. Mwiko uliopita karibu na sikio. Mama alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayepewa habari za nyumba ya jirani.

"Ehe," alisema. "Na mke wake je, alicheka?"

Funzo: Mtu akikupa kumbukumbu ya mpendwa wake, ipokee pamoja na kicheko chake na madonge yake. Ukiinyoosha ili ikupendezee wewe, unamfukia marehemu mara ya pili, na safari hii pia hakuna wa kumfukua.