Ahadi Iliyowafundisha Samaki Kufuata Nyungunyungu

Mito ilipokuwa bado michanga, na milima ingali ikisogea kutafuta pa kukaa, samaki hawakuwa na habari na nyungunyungu. Walikula ukoga wa mawe na majani yaliyoanguka majini. Nyungunyungu aliyesombwa na mvua alipita katikati yao kama kipande cha kamba, asigeukiwe na yeyote. Watu nao hawakujua kuvua. Mto Lukwale, unaoshuka milimani, ulikuwa wa kunywa, wa kuoga na wa kuvuka, basi.

Kando ya mto huo aliishi mwanamke aitwaye Mkami na mumewe Kobelo. Walikaa miaka mingi bila mtoto, hata majirani wakachoka kuuliza. Kisha Mkami akashika mimba. Kobelo alimsihi asiende tena shamba la ng'ambo, lakini mahindi yalikuwa yamekauka na ngedere walikuwa wakiyamaliza. Siku aliyokwenda, anga ya kijijini ilikuwa nyeupe. Mvua ilikuwa ikinyesha huko juu milimani, asikokuona.

Alikuwa katikati ya kivuko, kikapu kichwani, aliposikia mngurumo. Maji mekundu yalikuja na magogo, yakamnyang'anya kikapu, yakamng'oa miguu. Akakumbatia jabali. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, wala hakuna aliyesikia.

Hapo akaguswa. Kitu laini na chembamba kilipita juu ya tumbo lake chini ya maji, kikarudi, kikapita tena taratibu, kama mkono wa mkunga. Alipotazama aliona kichwa cha kambale, kipana kama ungo, na sharubu zake zikimpapasa.

"Nitoe hapa, Bwana wa maji," Mkami akasema. "Nitakupa chochote."

"Chochote sikitaki," kambale akajibu. "Mnakunywa mto wetu kila siku, nasi hatujawahi kuonja mtu. Nipe kile ambacho bado hujakiona uso wake."

Mkami alielewa. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakudanganywa. Lakini vidole vyake vilikuwa vikiteleza juu ya jiwe, na mdomo ukatangulia moyo.

"Chukua," akasema.

Kambale akampa mgongo wake, akamfikisha ukingoni.

Nyumbani Mkami alisema kwamba ameokolewa na gogo. Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Semeni. Kitovu kilipodondoka walikizika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pale pale lilipozikwa kondo la nyuma, kama ilivyokuwa desturi. Kobelo alicheka mwezi mzima. Mkami hakucheka. Hakushuka tena mtoni. Maji aliletewa na wenzake, na kabla ya kumwogesha mtoto aliyatazama ndani ya chungu kwa muda mrefu, kama mtu anayeogopa kutazamwa na maji yenyewe.

Kisha masika yakaingia.

Asubuhi moja mvua ilikuwa ikinyesha bila kupumua. Kobelo alifungua mlango, akasimama palepale.

"Mama Semeni," akaita kwa sauti ya chini. "Njoo uone. Mwache mtoto ndani."

Ua wote ulijaa kambale. Walikuwa wametoka mtoni, wakapanda mteremko kwa mapezi na matumbo, wakipita majanini, na nyuma yao nyasi zililala kama zimeburutiwa magogo. Macho yao madogo hayakutazama kitu. Sharubu ndizo zilizotafuta, zikitambaa juu ya matope, juu ya jiwe la kusagia, juu ya kizingiti. Mkubwa wao alikuwa mbele kabisa.

"Uso umeshauona," akasema. "Tumesubiri vya kutosha."

Kobelo alimgeukia mkewe. "Anadai nini huyu?"

Mkami akamweleza. Alieleza yote akitazama chini. Kobelo aliingia ndani, akarudi na panga.

"Kata," kambale akamwambia. "Mvua ikikatika tutarudi majini. Tusiporudi naye, mto utakuja wenyewe, nao hautachagua nyumba."

Huko bondeni maji yalikuwa yameshaingia kwenye nyumba za chini. Walisikia mbuzi wakilia, kisha wakinyamaza. Kobelo akalishusha panga.

Mkami alisimama akizitazama zile sharubu. Zilipita karibu na mlango ambao mtoto alikuwa akilia nyuma yake, zisisimame. Ndipo alipokumbuka kwamba siku ile kivukoni kambale hakumwona mtoto. Alipapasa tumbo tu. Alichokijua ni harufu ya ndani ya tumbo, aliyoinusa kwa sharubu.

Akakimbia kwenye migomba, akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Alitaka kulitoa kondo la nyuma awape. Alifukua mpaka kucha zikavuja damu, asione kitu. Udongo ulikuwa umekula kila kilichozikwa. Kilichobaki ni nyungunyungu, wanene na wekundu, wakijikunja mashimoni. Mkami akafunika uso kwa viganja na kulia. Na katika viganja hivyo akaisikia harufu ya siku aliyojifungua.

Aliwazoa kwenye kigae cha chungu, akawaweka mbele ya kambale.

"Huyu hapa," akasema.

Sharubu zikashuka. Zilipapasa, zikaondoka, zikarudi. Mvua ilikuwa inapungua. Kobelo alikuwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili.

"Harufu ndiyo," kambale akasema. "Mbona mdogo hivi?"

"Uliomba kile ambacho bado sijakiona uso wake. Mwanangu nimemwona, anafanana na mama yangu mzazi. Hawa uso wao sijauona, wala hakuna mtu aliyewahi kuuona. Tafuta ukiweza. Hii ndiyo ahadi yangu, nami nimeitimiza."

Kambale akawapapasa tena. Kisha akafungua kinywa, akameza. Mwili wake wote ukatetemeka toka kichwa hadi mkia. Wenzake wakapanda juu yake, wakigombania kigae mpaka kikapasuka.

"Ndiye," mkubwa akasema. "Lakini hajatimia. Waliobaki tutawatafuta."

Wakageuka, wakateremka. Mto ukawafuata nyuma, ukarudi mkondoni mwake.

Kobelo hakumsemesha mkewe mpaka mahindi mapya yalipokomaa. Siku aliyoamua kusema, hakutumia maneno. Alichukua mwiba uliopinda, akaufunga kwenye uzi wa katani, akafukua nyungunyungu kwenye migomba, akaenda mtoni akiwa na hasira zake. Alirudi na samaki, akawaweka miguuni pa Mkami. Kijiji kizima kikaja kujifunza. Mkami aliwapara, akawapika, akampakulia mumewe, lakini yeye hakuonja samaki mpaka anaingia kaburini. Semeni alipokua, mama yake alimwoza mlimani, mahali ambapo hakuna mto.

Habari ya utamu ule ilitoka kwa kambale ikawafikia perege, ikawafikia samaki wa kila maji. Kuanzia masika yale hata hii leo, hakuna samaki anayemwona nyungunyungu akampita. Huacha ukoga, huacha majani, humwendea hata mwiba ukionekana wazi. Lakini hamezi mara moja. Mvuvi aliyetulia husikia mshipi ukiguswa, ukiachwa, ukiguswa tena polepole. Hapo samaki anapapasa. Anataka kujua kama huyu sasa ndiye mtoto mwenyewe.